Daftari la Babu na Viza ya Mfanyabiashara wa Mkataba

Ndugu zangu, watoto na wajukuu wa waliohama,

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, hapa nyumbani kwangu Maskati, mpwa wangu alinijia na faili la karatasi. Alikaa kimya mpaka kahawa ikamiminwa, kisha akasema, "Mjomba, nimepata njia ya kwenda Marekani. Oman ina mkataba nao. Mtu akifungua biashara, viza hutoka." Ndani ya faili mlikuwa na mpango wa duka la manukato mjini Houston, na barua ya dalali mmoja aliyetaka alipwe kabla ya kuandika hata sanduku moja la barua za maombi. Fedha zenyewe zilikuwa zipatikane kwa kuuza kiwanja cha Barka alichowaachia marehemu baba yake. Dada yangu, mama yake, alikuwa amekwisha kukubali.

Nimeona niandike habari hii kwa sababu mpwa wangu si wa kwanza. Katika ukoo wetu na koo nyingine tunazofahamiana, maneno "viza ya mkataba" yamekuwa yakizunguka kama habari ya hazina iliyozikwa. Wapo wanaoamini kwamba Mwomani yeyote aliye na fedha za kupanga fremu ya duka amekwisha kustahiki. Wapo pia, hasa jamaa zetu waliobaki Unguja, Pemba na Mombasa, wanaotuuliza kwa nini mlango huu uko wazi kwetu na umefungwa kwao, hali babu zetu walikuwa wamoja. Maswali yote mawili yana majibu, na majibu yenyewe yana historia yetu ndani yake.

Niliinuka nikaleta daftari la babu. Wengi wenu mmeliona: jalada lake la ngozi limepasuka, na hati zake ni za Kiarabu, ila hesabu nyingi ameziandika kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja una tende na ndimu kavu zilizotoka Mutrah kwenda Unguja. Ukurasa unaofuata una karafuu na nazi zilizorudi. Pembeni mwa kila shehena ameandika jina la nahodha, jina la aliyepokea, bei, na siku fedha zilipoingia mkononi. Nilimwambia mpwa wangu, "Hiki ndicho wanachokitaka. Wewe umeniletea nini kinachofanana na hiki?"

Tuanze na mkataba wenyewe. Tarehe 21 Septemba 1833, hapa Maskati, Sayyid Said bin Sultan alitia sahihi mkataba wa urafiki na biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani aliyefika kwa manowari iitwayo Peacock. Wamarekani walipewa uhuru wa kuuza na kununua katika milki za Sayyid kwa ushuru wa asilimia 5 wa bidhaa walizozishusha, na Sayyid akakubali kuwatunza mabaharia wao ikiwa chombo chao kitavunjika katika pwani zake. Milki hizo hazikuwa Oman peke yake. Zilikuwa pia Unguja, Pemba na bandari za mrima, na huko ndiko wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikotaka hasa kufika. Ndiyo maana balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, aliwekwa Unguja mwaka 1837.

Tarehe 30 Aprili 1840 jahazi la Sayyid liitwalo Sultana liliingia bandari ya New York, likiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman al-Kaabi. Watu wa huko walikumbuka zaidi zawadi alizopelekewa Rais Martin Van Buren, hasa farasi wawili wa Kiarabu. Mimi hupenda kuitazama shehena. Kutoka upande wa Maskati zilikuwamo tende, kahawa na mazulia. Kutoka Unguja zilikuwamo karafuu, pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Jahazi liliporudi mwaka huohuo lilibeba bidhaa za Kimarekani, na miongoni mwake zile jora za pamba ambazo pwani nzima ilizipa jina la nchi zilikotoka, ndiyo merikani. Kitambaa hicho kilivaliwa, kikatumiwa sanda, kikatumiwa tanga, na bara kilitumika badala ya fedha. Tende za fardh za bonde la Samail nazo ziliendelea kupelekwa New York miaka mingi baadaye, mpaka karne ya 20 ilipoanza.

Huo ndio mfano wa biashara ya mkataba: mali inatoka huku kwenda kule, thamani yake inarudi, na kuna watu wanaojulikana pande zote mbili.

Marekani ilipotunga sheria kali ya uhamiaji mwaka 1924, ilimtenga mfanyabiashara anayeingia kwa mujibu wa mkataba wa biashara, ikamwondoa katika hesabu ya wahamiaji. Sheria ya mwaka 1952 iliendeleza jambo hilo, na leo viza yake huitwa E-1. Oman imo katika orodha ya nchi zinazohusika kwa sababu ya mkataba wa pili, uliotiwa sahihi Salalah tarehe 20 Desemba 1958 wakati wa Sultan Said bin Taimur, ukaanza kutumika tarehe 11 Juni 1960. Mkataba huo ndio uliochukua nafasi ya ule wa 1833. Mkataba wa biashara huria ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2009 ni jambo jingine. Huo hushughulika na ushuru na mahali bidhaa zilipotengenezwa, na mtu asiuchanganye na viza hii.

Sasa, ni shughuli zipi zinazohesabiwa? Hapa ndipo madalali wanapopotosha watu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

La kwanza, biashara iwe ya kubadilishana kati ya nchi mbili, na iwe imekwisha kuanza. Umiliki wa bidhaa utoke kwa upande mmoja wa mkataba uende kwa upande wa pili, na njia hiyo iweze kufuatwa kwa karatasi: oda, ankara, hati za meli au ndege, karatasi za forodha, malipo ya benki. Mikataba iliyokwisha kufungwa na inayowabana wahusika hukubaliwa kuwa ni biashara iliyopo. Ahadi, matumaini na mpango uliopigwa chapa vizuri havikubaliwi.

La pili, neno biashara halina maana ya bidhaa za kushikika tu. Huduma zimo. Kanuni zinataja benki za kimataifa, bima, usafirishaji, utalii, mawasiliano, teknolojia, na hata ukusanyaji wa habari. Kampuni ya Maskati inayowaandikia wateja wa Marekani programu za kompyuta inaweza kustahiki sawa na mwenye kuuza tende. Kampuni ya utalii inayowapokea Wamarekani Nizwa na Wahiba ina la kusema pia. Vijana wetu wengi wamesomea mambo haya, na hawajui kwamba ujuzi wao ni bidhaa mbele ya sheria hiyo.

La tatu, biashara iwe kubwa kiasi cha kutosha, na ukubwa hupimwa kwa mfululizo. Hakuna kiwango cha chini cha fedha kilichowekwa. Shehena moja kubwa iliyouzwa mara moja ikaisha haitoshi. Miamala mingi midogo inayoendelea huwa na nguvu zaidi. Kwa mwenye biashara ndogo, huhesabika kwa upande wake akiweza kuonyesha kwamba mapato yanatosha kumtunza yeye na watu wake.

La nne, zaidi ya nusu ya biashara ya kimataifa ya kampuni hiyo iwe kati ya Marekani na Oman. Anayeuza Dubai, Doha na London kwa wingi, na Marekani kwa uchache, hapiti kwa njia hii. Hapa muundo wa kampuni una uzito. Ofisi ya Marekani ikiwa ni tawi tu la kampuni ya Maskati, hutazamwa biashara yote ya kampuni mama. Ikiwa ni kampuni iliyosajiliwa peke yake kule, hutazamwa biashara yake yenyewe.

La tano, angalau nusu ya umiliki iwe mikononi mwa Waomani, na anayeomba viza awe mwenyewe Mwomani. Akiwa ni mwajiriwa, awe na cheo cha uongozi au usimamizi, au awe na ujuzi ambao kazi haiwezi kwenda bila yeye.

Ukiyatazama masharti hayo, utaona kwa nini faili la mpwa wangu halikuwa na maana. Duka lake lingenunua manukato kwa mfanyabiashara wa jumla wa Houston na kuyauzia watu wa Houston. Biashara hiyo ingekuwa kati ya Houston na Houston. Mkataba hauna kazi hapo. Dalali hakumweleza kwamba mtu anayetia mtaji katika duka la namna hiyo anaangukia katika viza nyingine, ya mwekezaji, iitwayo E-2. Oman imo katika hiyo pia, lakini masharti yake ni mazito kwa namna nyingine: mtaji uwe mkubwa kwa kulinganishwa na gharama ya biashara yenyewe, uwe umekwisha kutiwa hatarini, na biashara isiwe ya kumlisha mwenyewe na watu wa nyumbani kwake tu. Thamani ya kiwanja cha Barka, ukitoa malipo ya dalali, isingefika huko.

Nikampa mfano ulio karibu. Binti ami yangu ana duka dogo Mutrah, nyuma ya barabara ya pwani. Kwa miaka kadhaa amekuwa akipeleka ubani wa Dhofar, maji ya waridi ya Jabal Akhdar na tende kwa wanunuzi wa jumla wa New Jersey na Michigan. Vifurushi vyake si vikubwa. Vingine vinakwenda kwa ndege kila mwezi, na mara chache anajaza nafasi katika kontena linalopitia Sohar. Hakuwahi kujiita mfanyabiashara wa kimataifa. Lakini ana kila ankara, kila risiti ya forodha na kila waraka wa benki, vimepangwa kwa miaka katika makasha ya viatu. Siku akihitaji kwenda kusimamia ghala kule, atakuwa na la kuweka juu ya meza. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Huku kwenye viza, biashara bila daftari haihesabiki kuwa ilikuwapo.

Sasa nifike kwenye swali la jamaa zetu waliobaki, ambalo linaniuma zaidi.

Mtoto wa ami yetu yuko Malindi, Unguja. Husafirisha viungo na sabuni za mwani, na tayari ana wateja wawili Marekani. Kwa bidii na kwa mpangilio wa karatasi anamzidi mpwa wangu mara kumi. Lakini ana pasi ya Tanzania, na Tanzania haimo katika orodha ya nchi za mkataba. Kenya nayo haimo. Alinipigia simu akaniuliza, "Ami, jahazi la Sultana lilibeba karafuu za nani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mkataba wa 1833 ulikuwa na thamani kwa Wamarekani kwa sababu ya pwani yake na visiwa vyake. Milki ikagawanywa mwaka 1861, Unguja ikaingia chini ya himaya ya Mwingereza mwaka 1890, na mwaka 1964 yakatokea yaliyotokea. Baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje, baadhi yetu tulirudi na kuandikishwa, na baadhi yetu hawakurudi: wengine hawakuweza, wengine hawakutaka kuiacha nyumba waliyozaliwa. Ndugu wawili waliokula sinia moja wakajikuta na pasi mbili. Haki ya mkataba ikaifuata pasi. Haikufuata damu, wala haikuwafuata wale ambao kazi yao ndiyo iliyoupa mkataba maana.

Naona ni dhuluma ya historia, na silioni kosa kulisema hivyo. Hata hivyo, dhuluma hiyo haitupi ruhusa ya kughushi. Nimesikia ikipendekezwa katika mabaraza yetu kwamba kampuni iandikwe kwa jina la jamaa wa Maskati, huku mwenye mali hasa akiwa ni mwingine. Kwanza, haimsaidii aliyebaki Unguja, kwa sababu viza hutazama uraia wa mwombaji mwenyewe, si wa mjomba wake tu. Pili, anayetia sahihi uongo mbele ya ubalozi anaweza kufungiwa mlango wa Marekani maisha yake yote. Tatu, tunarithisha watoto wetu nini? Babu alikopesha watu mali ya musimu mzima kwa neno la mdomo, kwa kuwa jina lake lilikuwa halijatiwa doa. Jina hilo ndilo mtaji wa pekee tuliovuka nao bahari salama.

Ipo njia iliyonyooka, nayo ni ubia wa kweli. Binti ami wa Mutrah na kijana wa Malindi wanaweza kumiliki kampuni moja, nusu kwa nusu, na kampuni hiyo bado ikahesabiwa kuwa ya Waomani. Yeye wa Maskati ndiye atakayeweza kukaa Marekani kwa viza ya E-1. Kijana atashika upande wa ununuzi na utengenezaji. Wakumbuke tu kwamba mali inayokwenda moja kwa moja kutoka Unguja hadi New York si rahisi kuitetea kuwa ni biashara kati ya Oman na Marekani. Ile inayonunuliwa na kampuni ya Maskati na kuuzwa kutoka Maskati ina hoja iliyo wazi zaidi. Karafuu nazo zina sheria yake, kwani huko Zanzibar hununuliwa na kusafirishwa na shirika la serikali, ZSTC. Mambo haya mtu ayapeleke kwa wakili mwenye leseni, na asome masharti ya ubalozi kama yalivyo siku hiyo, maana kanuni hubadilika.

Najua wapo watakaosema, "Mzee, wewe unatuvunja moyo. Wenzetu wamekwenda na wamefanikiwa." Siwazuii. Ninachopinga ni kuuza ardhi ya marehemu ili kununua neno la dalali. Na ninapinga jambo la pili, ambalo husemwa kwa sauti ndogo zaidi: kuichukulia viza hii kuwa ni njia ya kuhama. Mwenye E-1 hupewa ruhusa ya kukaa hadi miaka 2 kwa wakati mmoja, na huweza kuiongeza maadamu biashara inaendelea. Mume au mke wake anaruhusiwa kufanya kazi. Lakini mwombaji hutamka kwamba ataondoka hadhi hiyo itakapokwisha, biashara ikifa hadhi hufa nayo, na mtoto akifika miaka 21 hutoka katika kivuli cha mzazi. Anayepeleka watoto wadogo kule kwa mategemeo kwamba wamekwisha kuhama, atakuja kuwaeleza jambo gumu wakiwa wakubwa. Koo zetu zinajua zaidi ya nyingine maana ya kukaa mahali miaka mingi, kisha ukaambiwa kwamba hapakuwa pako.

Babu zetu hawakuhama wote kwa nia ya kuhama. Wengi walikwenda na kaskazi na kurudi na kusi. Wengine walifanya hivyo miaka ishirini kabla hawajajenga nyumba upande wa pili. Biashara ndiyo iliyowapa haki ya kwenda, na uaminifu ndio uliowapa haki ya kurudi. Sheria ya E-1, pamoja na ukavu wake wote, inamtaka mtu awe vivyo hivyo: mwenye mguu mmoja huku na mmoja kule, na daftari katikati. Kwa hilo hatuna haja ya kufundishwa na dalali. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mpwa wangu hakuuza kiwanja. Alikaa siku nyingi bila kuja kwangu, nikadhani amenikasirikia, na pengine alikuwa amekasirika kweli. Juma lililopita alikuja na daftari jipya la dukani, lile la jalada jekundu. Ameanza kumsaidia binti ami kufunga vifurushi vya ubani, na amempata mnunuzi mmoja mdogo wa kwake mwenyewe, mwenye duka Minneapolis. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja tu: kilo 12, bei, tarehe ya kupelekwa. Nafasi ya tarehe ya malipo bado ilikuwa tupu. Nilimwambia asiijaze kwa penseli.

Nanyi wenzangu mlioko Muscat, Unguja, Mombasa, Cardiff, Toronto na kwingineko, tazameni katika makabati ya mabibi zenu. Palipo na daftari, barua ya nahodha au ankara ya zamani, piga picha, ihifadhiwe, na tuandikiane. Haitamtolea mtu viza. Lakini itawakumbusha vijana wetu, kabla hawajatia sahihi karatasi yoyote, biashara ya watu wao ilikuwa kitu gani.